Kufuatilia habari za kansa ya matiti na ovari kwa fidi za RSS bila kuzama

Kama unaugua kansa ya matiti au ya ovari, au unamuuguza mtu, au kwenye ukoo wenu kuna ile hitilafu ya kurithi ya jeni za BRCA, bila shaka unajua inavyokuwa, unafungua simu utafute kitu kimoja tu unakutana na juisi za miujiza na watu wanaouza vidonge, habari ya maana iko huko chini kabisa. Mi nashauri uhamie kwenye fidi za RSS, yaani linki ambazo tovuti inazitoa ili kila habari yake mpya ije yenyewe kwenye programu yako. Ni teknolojia ya zamani lakini kwa hili naipenda sana, manake we mwenyewe ndo unachagua chanzo na habari zinakuja kwa tarehe, hakuna mtambo unaokusukumia cha kukutisha zaidi.

Anza na programu ya kusomea fidi. Feedly na Inoreader zinaingia kwenye simu na kompyuta na zina akaunti za bure, wa iPhone mnayo NetNewsWire. Ukishaingia tengeneza folda moja, na hizi kansa mbili ziweke pamoja, usizitenganishe, kwa sababu hitilafu kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2 inaongeza hatari ya zote mbili, na dawa nazo zinahama kutoka huku kwenda kule. Olaparib kwa mfano ilipitishwa Marekani Desemba 2014 kwa kansa ya ovari, halafu Januari 2018 ikapitishwa kwa kansa ya matiti iliyosambaa kwa wenye BRCA, kwa hiyo aliyekuwa anafuatilia upande mmoja tu alipitwa na mengi.

Sasa cha kuweka humo ndani, na hapa ndo penyewe. Nenda PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni bure, andika unachotaka kwa Kiingereza, mfano BRCA1 pamoja na olaparib, na chini ya kisanduku cha kutafutia kuna kitufe cha kutengeneza RSS, kibonyeze, upate linki, ukaibandike kwenye programu yako. Kuanzia hapo kila utafiti mpya wenye maneno hayo unakufuata wenyewe. Usiandike kansa ya matiti peke yake jamani, utafurikiwa, zinatoka tafiti nyingi mno kila siku! Bana utafutaji kwa aina ya ugonjwa wako, kama ni ile yenye HER2, protini inayopimwa kwenye uvimbe wa matiti, andika HER2, taja na jina la dawa unayotumia. Kisha ongeza fidi ya taasisi ya kansa ya taifa au ya mamlaka ya dawa kama wanayo, na gazeti moja la afya unaloliamini. Fidi nne tano zinatosha kabisa.

Mwisho wa Mei kuingia Juni kuna mkutano wa ASCO, chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, kule Chicago, na Desemba kuna ule wa San Antonio wa kansa ya matiti, siku hizo folda itajaa ghafla, usishtuke, na nyingi ni muhtasari tu, utafiti kamili unakuja baadaye.

Kwenye kusoma ndo naomba utulie. Angalia kwanza kama ni panya au ni watu, halafu uliza kilichopimwa ni nini, uvimbe kupungua au mtu kuishi zaidi, manake hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna ule utafiti mkubwa wa Uingereza, UKCTOCS, wanawake zaidi ya 200,000, walikuwa wanaangalia kama kupima damu kwa CA125, protini inayoweza kupanda mtu akiwa na kansa ya ovari, na ultrasaundi kila mwaka kunaokoa maisha kwenye kansa ya ovari. Mwaka 2015 majibu ya kwanza yalileta matumaini na magazeti yakayabeba, mwaka 2021 yakaja majibu ya mwisho kwamba vifo havikupungua. Aliyesoma ya 2015 akaishia hapo bado anaamini kitu kingine mpaka leo.

Ukikuta kitu kinachokugusa kiwekee nyota, usikiache tu kwenye orodha, baadhi ya programu huficha habari za zamani. Siku ya kliniki mfungulie daktari umuulize moja kwa moja, daktari, hii inahusu aina yangu na hatua niliyofikia? Dawa usiache wala usibadili kwa sababu ya kichwa cha habari. Na zile wiki za kemo ambazo hata kusoma kunakuchosha, zima arifa za folda hiyo au mpe mtu mnayeaminiana akusomee yeye.