Nguruwe wako anapasuliwa? Muandae hivi

Nyie mnaofuga nguruwe kama rafiki wa nyumbani, sio wa kitimoto, siku daktari wa mifugo akisema ana ngiri ya kitovu au inabidi ahasiwe, jueni kwamba cha kuogopa zaidi ni nusu kaputi, na mengi ya kumlinda unayafanya wewe mwenyewe kabla hata sindano haijatoka kwenye mkoba.

Tumbo kwanza. Nguruwe mkubwa anakaa bila chakula masaa 8 mpaka 12, yani kama operesheni ni saa moja asubuhi basi saa moja jioni ya jana yake chombo cha chakula kishaondolewa, maana akishalegea chakula kinarudi kooni alafu kinaingia kwenye mapafu. Sasa nguruwe ukimnyima pumba na mashudu ya alizeti anageukia majani uliyomtandikia, anakula yote, kwa hiyo toa matandiko, funga banda, na waambie watoto na jirani anayemrushiaga maganda kwamba leo hapana, tafadhali. Maji usimkatie usiku kucha na jua letu hili la Dodoma, muachie mpaka kama masaa 2 kabla. Kitoto kinachonyonya usikifungishe hivyo, sukari yake inashuka haraka sana, mwache daktari apange.

Uzito usikadirie kwa macho, dawa inapigwa kwa kilo. Kama hamna mizani chukua futi kamba, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima na urefu toka katikati ya masikio mpaka shina la mkia, zote kwa mita, alafu mzunguko mara mzunguko mara urefu mara 69.3. Mzunguko wa 0.9 na urefu wa 1 inakuja kama kilo 56. Ni makadirio ila ni bora mara mia kuliko kubahatisha.

Omba iwe asubuhi mapema, hasa Oktoba na Novemba. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, akipelekwa na kirikuu saa sita mchana anafika kashachemka, na akikimbizwa bandani ndo kabisa, msogeze taratibu kwa kipande cha ubao. Mpime joto, la kawaida ni kama nyuzi 39, likipita 40 mpigie daktari kabla ya kitu chochote. Mwambie pia kama ana damu ya Landrace au Pietrain, hizo ni mbegu za nguruwe wa kizungu, wapo wanaorithi tatizo la misuli kukakamaa na joto kupanda ghafla wakipewa baadhi ya dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi, na hilo linaua.

Akitoka mlaze peke yake kivulini, wenzake wanaweza kumng'ata akiwa bado anayumba. Mfunike, maana mwili unapoa, Juni na Julai na ule upepo ndo usisahau kabisa. Ndoo ya maji iwe mbali mpaka asimame imara, alafu anza na maji kidogo, chakula kidogo baadae.