Kuchora viraka vya Kijapani: somo la boro kwa akriliki

Wapendwa, leo tunachora boro. Hizi ni nguo za viraka za wakulima na wavuvi wa kaskazini mwa Japani, hasa Aomori. Baridi ya huko hairuhusu pamba kustawi, kwa hiyo kila kipande cha pamba kilichofika kwa meli kilikuwa mali. Nguo ikichakaa ilitiwa kiraka juu ya kiraka na kupigwa bandi kwa uzi mweupe, mzazi akamwachia mtoto. Bandi hiyo wenyewe huiita sashiko.

Hatua ya 1. Kabla hujashika brashi, amua nguo yako imechakaa wapi. Wengi tunakosea hapa: tunatawanya viraka turubai nzima kama vigae, picha inakosa uhai. Kiraka huenda penye tundu, kwenye kiwiko, goti au bega. Chagua sehemu moja, rundika hapo, kwingine pabaki kimya. Nafasi hiyo tupu Wajapani huiita ma, nao huihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Hatua ya 2. Tengeneza nili: bluu ya ultramarini na kahawia nzito, mpaka ikaribie weusi. Gawa vikopo vitatu, viwili uvizimue kwa maji, kimoja zaidi ya kingine. Paka turubai yote kwa ile nyepesi kabisa.

Hatua ya 3. Paka viraka kwa brashi bapa, kingo zisinyooke sana. Vikikauka, lowesha msasa laini, usugue katikati ya kiraka taratibu. Bluu ya chini inaanza kuchungulia, na hapo unaliona goti la mtu aliyepalilia miaka mingi. Naipenda hatua hii kuliko zote.

Hatua ya 4. Bandi. Nyeupe yenye tone la kahawia, brashi nyembamba. Kila mshono uwe kama punje ya mchele, mwanya uwe mfupi kidogo kuliko mshono. Rula weka mbali.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Sina turubai, boksi linafaa?
Jibu: Marahaba. Linafaa sana. Lipake rangi nyeupe ya ukutani pande zote mbili lisijikunje.

Swali: Viraka vyangu vimekuwa tope.
Jibu: Uliwahi, ndugu yangu. Akriliki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, subiri kila tabaka.

Swali: Nikitia nyekundu nitaharibu?
Jibu: Hapana. Itangulize chini ya bluu, kisha uifichue kwa msasa. Ikitokeza upana wa ukucha inatosha.