Kuomba ETA ya Uingereza mwenyewe kwa simu, bila kumlipa wakala

Ndugu zangu mlioko Muscat, Dubai, Toronto, Minneapolis, Ujerumani huko na kwengineko, kama unashika paspoti ya nchi ambayo watu wake hawaombi viza kwenda Uingereza, sa hivi huwezi tena kukata tiketi ukapanda ndege tu ukamwone dada yako Leicester au ukale harusi London. Lazima uwe na ETA, kile kibali cha kusafiri kinachoombwa onlaini kabla hujatoka nyumbani kwako. Na kinachoniuma ni kwamba watu wetu wengi wanampa mtu hela awaombee wakati kazi yenyewe unaimaliza umekaa kwenye kochi unakunywa chai, ndo maana naandika hapa hatua kwa hatua.

Kwanza ujue kama inakuhusu, na hapa wengi wanachanganya. Kinachoangaliwa ni paspoti, siyo unaishi wapi. Mwenye paspoti ya Oman, Imarati, Marekani, Kanada, Sweden, Uholanzi, huyo anaomba ETA. Mwenye paspoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaomba viza, hata kama amekaa Marekani miaka na grinkadi anayo, grinkadi haikubadilishii uraia. Hivyohivyo wale ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopewa hati za kusafiria za wakimbizi, ile siyo paspoti ya taifa, njia yao ni viza. Kwa hiyo mtu akikwambia "nipe hela nikutolee ETA" na we una paspoti ya Tanzania, kimbia, hapo hela yako imekwenda. Na mlioko Ulaya msiende na kile kitambulisho cha kadi, kwa wengi kiliacha kukubaliwa tangu Oktoba 2021, beba paspoti.

Kuna kundi jingine linaloteseka airport bure, wenye uraia wawili na mmoja wapo ni wa Uingereza. We ukiwa Muingereza huombi ETA kabisa, unatakiwa kusafiri na paspoti yako ya Uingereza, au ya Ireland kama unayo hiyo. Yupo mtu alizaliwa Birmingham wazazi wakarudi Oman, anasafiri na ya Oman miaka yote, ya Uingereza ilishakwisha muda ipo kabatini. Mtu kama huyo aihuishe mapema kabla hata ya kufikiria tiketi, maana kile cheti mbadala cha kuthibitisha haki ya kuingia bei yake inapita pauni 500 na kinachukua muda.

Mfumo huu waliuanza polepole, Qatar mwezi wa 11 mwaka 2023, Februari 2024 wakaingizwa Oman, Imarati, Kuwait, Bahrain na Saudia, Januari 2025 Wamarekani na Wakanada, na tarehe 2 Aprili 2025 watu wa Ulaya. Mwanzoni walikuwa wanalegeza lakini kuanzia tarehe 25 Februari 2026 wamekaza, huna ETA ndege haikupakii, na yule dada wa kaunta hata umlilie vipi hana la kukusaidia, mfumo wake unamwambia hapana. Bei ilikuwa pauni 10, Aprili 2025 ikapanda ikawa 16, kwa hiyo siku unayoomba angalia kwanza bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya serikali. Wanalipisha kila kichwa, mpaka mtoto mchanga wa kubebwa, familia ya watu watano kwa ile bei ya 16 ilikuwa pauni 80, na ukishatuma ombi hela hairudi.

Sasa mlango wa kuingilia. Iko programu ya simu inaitwa UK ETA, ipo Google Play na App Store, ni ya serikali yao yenyewe. Kama simu yako haikubali basi unaomba kwenye tovuti ya GOV.UK. Tafadhali sana usiandike "UK ETA" Google ukabonyeza kile cha juu kabisa, vile vya juu mara nyingi ni tangazo la kulipia, kuna tovuti zimetengenezwa zikapakwa rangi na nembo ukiona unasema hii ndo yenyewe, unajaza kila kitu, mwisho unakatwa mara kadhaa ya bei halali. Tena unakuwa umewapa watu usiowajua picha ya paspoti yako na ya uso wako, na mimi hilo linanitisha kuliko hela. Angalia anwani, jina la tovuti lazima liishie na gov.uk, ikiwa na .com au .org au maneno yameongezwaongezwa funga hapohapo.

Vitu vya kuwa navyo mkononi ni vichache. Paspoti utakayosafiria, imeli ambayo unaifungua kweli (siyo ile aliyokufungulia kijana wa dukani na nywila huijui), na kadi ya benki, Apple Pay na Google Pay nazo zinakubali. Kaa sehemu yenye mwanga na intaneti isiyokatikakatika.

Ukifungua programu itakwambia piga picha ukurasa wa paspoti wenye sura yako. Weka mezani, usishike mkononi, na taa isimulike juu ya ile plastiki maana ule mng'ao unafuta herufi. Ile mistari miwili ya chini yenye alama za < < < lazima ionekane yote, simu inasoma hapo. Baadaye inakuja skani ya chipu, kile kidude kidogo cha kielektroniki kilichofichwa ndani ya paspoti, na hapa ndo watu wengi wanakwama wakaamua kwenda kwa wakala. Toa kava la simu, toa na kava la paspoti, washa NFC (iko kwenye mipangilio ya simu, ndo inayoisoma chipu kwa kugusana), fungua paspoti, usiiache imefungwa, afu laza simu juu yake usiitikise. Paspoti nyingine chipu iko jalada la nyuma, nyingine iko kwenye ukurasa wa picha, kwa hiyo kama haishiki sogeza simu taratibu juu na chini mpaka uhisi inatetema. Ikigoma kabisa usihangaike sana, nenda kaombe kwa tovuti, kule unapakia picha tu.

Baada ya hapo inaskani uso, unafuata maelekezo ya kwenye skrini, halafu inapigwa picha yako. Vua miwani, ukuta wa nyuma uwe mtupu, na mtungi wa maua na pazia la sebuleni visionekane. Akina mama hijabu haina shida, uso uonekane wote kuanzia kidevu mpaka paji. Watoto wa chini ya miaka 10 hawaskaniwi uso. Unaweza kuwaombea wanao au mama yako mzee asiyejua simu, ila kama hayupo hapo ulipo tumia tovuti siyo programu, na imeli weka utakayoifungua wewe.

Maswali yanayofuata ni ya kawaida, anwani ya unapoishi, uraia mwingine kama unao, afu yanakuja ya makosa ya jinai. Jibu ukweli. Ukiwa umehukumiwa ndani ya miezi 12 iliyopita, au uliwahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, ETA haitakufaa na bora uombe viza ya mgeni ueleze mambo yako, kuliko kuficha ikaja kuonekana baadaye, kudanganya uhamiaji kunakuharibia na safari za mbele. Tarehe ya ndege wala hoteli hawakuulizi, ndo maana nashauri uombe kabla hujalipia tiketi.

Majina yaandike kama paspoti inavyosema, herufi kwa herufi. Wenzetu wa Oman majina yetu marefu, kuna bin kuna Al, mara nyingine tiketi imeandikwa hivi na paspoti vile, we fuata paspoti, na tiketi nayo ukate kwa kufuata hiyohiyo.

Ukishalipa unapata imeli ya kupokelewa ombi. Jibu kwa wengi linakuja siku hiyohiyo, lakini wenyewe wanasema acha siku 3 za kazi, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiki, kwa hiyo mtu wa ndege ya Jumatatu asiombe Ijumaa usiku. Usipoona kitu angalia kwenye spamu. Ikikubaliwa utapata namba ya tarakimu 16, hiyo piga skrinshoti uiweke, ingawa hamna karatasi ya kubandika wala stika, ETA imefungwa na paspoti yako kwenye kompyuta zao. Ikikataliwa kwa sababu za kisheria hamna rufaa, unahamia kwenye viza. Lakini kama imerudishwa kwa kosa la picha au taarifa watakwambia tatizo, unarekebisha na unaomba upya kwa kulipa tena.

ETA inadumu miaka 2, unaingia na kutoka mara nyingi utakavyo, kila safari isizidi miezi 6. Paspoti ikiisha kabla basi na ETA imeisha nayo, ukipata paspoti mpya unaomba upya hata kama ile ya zamani ilikuwa imebaki mwaka mzima. Kazi kwa kawaida huruhusiwi kufanya, na anayekwenda kufunga ndoa kule ana viza yake maalumu, asijaribu kwa ETA.

Wanaopita tu, mfano unatoka Toronto unaunganisha Heathrow kwenda Nairobi, kama hutoki nje ya eneo la abiria yaani hupiti kwa maofisa wa uhamiaji, huhitaji ETA. Ila ukikata tiketi mbili tofauti, ukafika ukalazimika kuchukua mabegi na kuyacheki upya, hapo unapita uhamiaji na ETA unaihitaji. Waulize shirika la ndege kama mabegi yanakwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na uulize kabla ya kulipia.