Kuandaa onyesho la jukwaani la mtu mmoja kutokana na filamu zako

Mwongozaji wa filamu anayetaka kupanda jukwaani peke yake na kuchekesha watu kwa habari za kazi zake, amsome kwanza John Waters wa Baltimore, Marekani. Tangu enzi za filamu zake za mwanzo alikuwa akizisindikiza kumbini na kuzungumza na watazamaji. Mazungumzo hayo yalikua hadi yakawa onyesho kamili, This Filthy World, lililotolewa kama filamu mwaka 2006. Kinachobeba onyesho lile ni mdomo wake tu.

Kazi inaanzia kwenye daftari. Orodhesha filamu zako zote, na mbele ya kila moja ujibu: pesa zilitoka wapi, nani alikasirika, nini kiliharibika, na watu walishawishiwaje wanunue tiketi. Kisa cha filamu yenyewe kipewe sentensi moja, mbili zimezidi. Maonyesho mengi ya aina hii hufia hapo: msanii anasimulia filamu mwanzo hadi mwisho, walioiona wanachoka na wasioiona wanapotea. Mzaha unaomdai mtu awe ameitazama filamu, ufute, hata kama rafiki zako wote waliucheka.

Tazama jinsi Polyester, filamu ya Waters ya 1981, inavyosimulika. Kila mtazamaji alipewa kadi yenye alama kumi. Namba ikitokea kwenye skrini, unakwangua alama yake na kunusa. Namba moja ilikuwa waridi. Namba mbili, ushuzi. Watu walilipa kiingilio wakanusa ushuzi kwa hiari yao, na bado zilibaki namba nane! Huhitaji kujua lolote kuhusu wahusika ili ucheke. Mpangilio nao unafundisha: waridi linajenga imani, ushuzi unaivunja, na ukigeuza zamu hizo mzaha umekufa. Ndiyo maana neno linalochekesha liwekwe mwishoni kabisa mwa sentensi, kisha unyamaze. Ukiongeza maelezo juu yake, unazungumza watu wakiwa bado wanacheka, na kicheko unakizima.

Kwa onyesho la dakika 70, gawa hivi: dakika 10 za utoto na waliokuvutia kwenye sinema, 35 za filamu zenyewe, 10 za mambo ya leo, 15 za maswali. Sehemu ya kwanza isidharauliwe. Waters humtaja sana William Castle, ambaye kwa filamu yake moja ya 1959 alifungisha vitetemeshi chini ya baadhi ya viti vya sinema. Ukishamjua huyo, kadi ya kunusa inaeleweka ilikotoka. Zile dakika 55 za kuzungumza peke yako ni kama maneno 6,000, ukihesabu kasi ya maneno 110 kwa dakika pamoja na vicheko. Ukifikisha 8,000 utaanza kukimbia, na anayekimbia jukwaani hutafuna maneno.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu atakuwa amekuja kulisikia. Kwa Waters ni mwisho wa Pink Flamingos ya 1972, pale mwigizaji wake Divine anapokula kinyesi cha mbwa. Jambo kama hilo usilifiche hadi mwisho, maana ukumbi utakaa ukilingojea na hautasikiliza mengine. Liweke karibu na dakika ya 20, litoke njiani. Mwisho uachie mgeuko usiotarajiwa: mtu yuleyule wa kinyesi, filamu yake Hairspray iligeuzwa tamthilia ya muziki Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo nane za Tony, tuzo kuu za tamthilia za huko.

Vifaa ni vichache. Tumia maiki ya mkononi, umbali wa vidole viwili vitatu kutoka mdomoni. Ile ya kwenye kola hunasa mkwaruzo wa nguo, na ukisogelea spika inapiga mluzi. Taa mbili za mbele, kushoto na kulia, zinatosha. Za watazamaji zififishwe bila kuzimwa kabisa ili uone safu ya mbele. Watu 60 kwenye ukumbi wa viti 80 hucheka kuliko 60 waliotawanyika kwenye viti 300, kwa hiyo tiketi zikidorora funga kamba safu za nyuma kabla milango haijafunguliwa.

Rekodi sauti kila usiku na uweke alama palipochekwa. Mzaha uliokaa kimya usiku tatu, utoe. Uliochekwa usiku mmoja tu, angalia kwanza maneno ya mwisho. Mara nyingi uliyabadilisha bila kujua.

Wakati wa maswali, rudia kila swali kwenye maiki kabla ya kujibu. Wa nyuma hawajalisikia, nawe umepata sekunde tano za kutafuta jibu. Asiyeuliza bali anahutubia, mshukuru katikati ya sentensi na unyooshe mkono kwa mwingine.