Lori linakatakata halafu linatulia, anzia wapi?

Lori la dizeli likipanda mlima wa Mazeras injini inakatakata, ukifika Mariakani mbele limetulia kama si lenyewe. Usikimbilie kununua nozo, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, utalia bure. Jiulize kwanza linakata saa ngapi, likiwa baridi, likishapata moto, ama likibeba mzigo tu?

Kama ni mlimani na mzigo mimi huanza na filta ya dizeli, fungua kikoki cha chini umwage kwenye gilasi, maji yatakaa chini dizeli juu, utayaona. Halafu hewa: weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, mapovu yakipita ujue kuna klipu imelegea ama washa, ile pete ya kuziba, imekufa.

Pampu za zamani, injini ikiwaka legeza nati za paipu za nozo moja moja, ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndiyo silinda imelala, haifanyi kazi. Lakini komon reli, zile injini za kisasa ambazo nozo zote zinalishwa na paipu moja ya presha, usithubutu!! presha yake inapita baa 1,000, dizeli inatoboa ngozi, hiyo peleka ikapimwe kwa mashine.

Na waya jamani, chumvi ya huku pwani inakula vichwa vya waya za sensa mpaka vinaota kijani, zitikise injini ikiwaka usikie kama itakohoa.