Una FA na hofu inakushika usiku: fanya hivi

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, nahudumia wagonjwa wa moyo. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, daktari akamwambia ana fibrilesheni ya atria. Kwenye fishi yako ya hospitali huenda wameandika FA tu. Kama hujapimwa, anzia hospitali, maana moyo kwenda mbio una sababu nyingi.

Kwenye FA, vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kubana kwa mpangilio, ndiyo maana mapigo huja ovyoovyo. Hofu humwaga adrenalini, adrenalini hukimbiza mapigo, na mapigo yakikimbia hofu huzidi. Basi anayekuambia "hayo ni mawazo tu, mama" hajakutendea haki. Lakini kuna jambo ambalo ningependa kila mgonjwa aondoke nalo: kinachokutisha na kinachokuhatarisha si kitu kimoja. Kinachokutisha ni mdundo. Hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya chumba kinachotetemeka, bonge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Mwenye FA ana uwezekano wa kupata kiharusi mara 5 hivi kuliko asiye nayo. Na hatari hiyo hupunguzwa sana na kidonge chako cha kuzuia damu kuganda. Kukesha ukisikiliza kifua hakuipunguzi.

Hatua ya 1: andika karatasi ukiwa mtulivu

Usingoje saa nane za usiku ndipo uanze kuamua kama uende hospitali au ulale. Amua mapema, pamoja na daktari wako, uandike.

Nenda hospitali sasa hivi: mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea ghafla, maneno hayatoki, kifua kinauma au kinabana, umezimia, unahema ukiwa umeketi, unatoka damu isiyokatika.

Piga simu au nenda kesho asubuhi: mapigo yamepita kiwango chako ukiwa umepumzika, na hayashuki, lakini huna dalili yoyote ya hizo za juu. Kiwango hicho akuwekee daktari. Kwa wengi ni 110 kwa dakika.

Baki nyumbani: moyo unarukaruka kama ulivyozoea, unaongea vizuri, unatembea, namba iko chini ya kiwango.

Bandika karatasi ukutani, na mtu mmoja wa nyumbani aijue. Andika pia nani atakupeleka, kwa sababu usiku motari hapatikani kila mtaa. Ukijikuta unabishana na karatasi na huna uhakika, nenda.

Hatua ya 2: pima mapigo mara 2 kwa siku, basi

Keti dakika 5. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya gumba. Usipimie gumba, lina mapigo yake. Hesabu dakika 1 nzima. Ile njia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 itakudanganya, maana mapigo yako hayaendi sawasawa. Kama una mashine ya presha ya betri, pima mara 3 uchukue wastani, kwa sababu FA huiyumbisha.

Asubuhi na jioni. Andika, funga daftari. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakiharibiwa na kujipima kuliko na ugonjwa wenyewe. Mama mmoja muuza sambaza wa Kadutu alikuwa akiongea nami vidole viko shingoni. Hata pesa alipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine ukihesabu. Tulimpa kazi ndogo: vidole vikipanda shingoni, avishushe, ashike ncha ya kitenge chake, aikunje, amalize kwanza sentensi aliyokuwa akisema. Wiki za mwanzo alilia. Baadaye mikono yote miwili ilirudi kwenye mizani.

Hatua ya 3: pumua polepole, si kwa nguvu

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe kwa mdomo ukihesabu 6. Endelea dakika 5. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi nyingi na za haraka. Hapo vidole vya mikono yote miwili hufa ganzi, midomo huwasha, kichwa huzunguka, na mtu husema kiharusi kimefika. Kumbuka: kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja, na ghafla.

Pumzi hizi huenda zisirudishe mpangilio wa moyo. Kazi yake ni kupunguza adrenalini ili mapigo yasizidi kukimbia.

Hatua ya 4: linda vidonge vyako

Usiache ghafla dawa za kupunguza mapigo: bisoprolol, propranolol au ndugu zake. Moyo hurudi kukimbia kwa hasira. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiirudufishe kwa sababu umeogopa. Kama unatumia warfarin au Sintrom, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3; mboga za majani kama sombe na lenga-lenga hugusa nguvu ya dawa hizo, lakini usiziache, kula kiasi kilekile kila wiki. Usinunue diclofenac wala ibuprofen ya maumivu barabarani, zinaleta kutoka damu. Na Valium ya kuazimwa kwa jirani hulevya hofu siku chache, kisha mwili unaidai.

Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, ninamwambia kila mtu: weka akiba ya wiki 2 ndani ya mfuko ambao ungetoka nao mlangoni, pamoja na nakala ya fishi. Hofu ya risasi si ugonjwa. Lakini kujua kwamba dawa zipo mkononi huondoa nusu ya mzigo.

Hatua ya 5: rudi mlimani kidogo kidogo

Mji wetu ni miteremko, na mwenye FA huanza kukwepa kilima, kisha soko, kisha kanisa. Daktari akikuruhusu, anza pale tambarare, dakika 10, kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea. Wiki ijayo ongeza kipande cha mpando. Moyo utadunda, uache udunde, simama, pumua, endelea. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2023 ulitumia mazoezi ya namna hii, ya kukutana na mdundo badala ya kuukimbia, na wagonjwa wa FA waliishi vizuri zaidi.

Hatua ya 6: tafuta kinachochochea

Pombe kwanza. Utafiti wa Australia wa 2020 ulionyesha kwamba wanywaji walioiacha walirudiwa na FA mara chache zaidi. Kasiksi nayo ni pombe. Kisha omba kipimo cha tezi ya shingo: ikifanya kazi kupita kiasi huleta FA, wasiwasi, mikono kutetemeka na kukonda, vyote pamoja. Pande zetu rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, si jambo geni, kisiwani Idjwi hasa.

Hatua ya 7: hofu ikizidi, nenda kwa wanaoijua

Kama hulali, huendi kazini, au unafikiria kufa, muone mtaalamu wa afya ya akili. Kituo cha afya ya akili cha Sosame kipo hapahapa Bukavu. Asikuzuie mtu kwa aibu. Nenda na orodha ya dawa zako zote, maana baadhi ya dawa za wasiwasi, zikikutana na ya kuzuia damu kuganda, huongeza kutoka damu, na daktari wa huko lazima ajue kabla ya kuandika.