Kupima uzito wa makala ya uchumi: namba za kutafuta, za kukokotoa na za kutilia shaka

Mtu anapoandika kwenye maombi ya kupandishwa cheo kwamba makala yake "imetoka katika jarida lenye kigezo cha athari cha 3.2", kuhusu makala yenyewe hajasema lolote. Ametaja sifa ya jarida, na sifa hiyo imechumwa na makala za watu wengine. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, mhadhiri na mkutubi anayetakiwa kueleza kwa haki makala fulani ya uchumi imewagusa watafiti wenzake kiasi gani.

Mfano wetu mkuu ni makala ya John Harris na Michael Todaro kuhusu uhamaji wa vijijini kwenda mjini na ukosefu wa ajira. Ilitoka mwaka 1970 katika American Economic Review, juzuu la 60, toleo la 1, ukurasa wa 126 hadi 142. Hoja yake ni kwamba mtu hahamii mjini kwa kutazama mshahara wa mjini peke yake. Anatazama mshahara huo mara uwezekano wa kuipata kazi. Kwa hiyo serikali ikiongeza ajira mjini, wahamiaji wanaweza kuongezeka kuliko kazi zilizoongezwa, na wasio na kazi wakawa wengi zaidi. Kenya ya miaka ya 1960 ni sehemu ya mazingira yaliyozaa fikra hiyo. Jarida hilo lilipotimiza miaka 100, jopo la wanauchumi, akiwemo Kenneth Arrow na Robert Solow, liliiweka makala hii kati ya 20 bora za karne nzima.

Kwanza amua unapima nini

Jarida, makala na mwandishi ni vitu vitatu, na kila kimoja kina vipimo vyake. Kigezo cha athari (kwa Kiingereza impact factor), CiteScore na SJR ni vya jarida. Idadi ya marejeo, yaani mara ambazo watafiti wengine wameitaja makala katika orodha zao za marejeleo, ni ya makala. Fahirisi h ni ya mwandishi. Makosa mengi katika faili za kamati yanatokana na kuazima kipimo cha kimoja kukieleza kingine.

Kigezo cha athari kinavyokokotolewa

Wazo lilitolewa na Eugene Garfield mwaka 1955. Leo namba rasmi hutolewa na kampuni ya Clarivate kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, na hufupishwa JIF. Kukokotoa ni rahisi. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 mwaka 2022 na 44 mwaka 2023. Mwaka 2024, makala hizo 84 zikarejelewa mara 126. Gawa 126 kwa 84: JIF ya 2024 ni 1.5.

Kuna mambo mawili ya kuyaangalia hapa. La kwanza, namba ya juu huhesabu marejeo yote yaliyokwenda kwa jarida, hata yale ya tahariri na barua za wasomaji, ilhali namba ya chini huhesabu makala za utafiti na za mapitio tu. Tahariri za jarida letu zikirejelewa mara 20, namba ya juu inakuwa 146 na JIF inapanda hadi 1.7 bila makala hata moja kubadilika. La pili ni dirisha la miaka miwili, na hili linawaumiza wanauchumi kuliko wanasayansi wengi. Makala ya uchumi hukaa kwa wahakiki miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Anayeisoma leo huandika yake mwakani, nayo itatoka baada ya miaka mitatu au minne. Tazama Harris na Todaro: kwa kanuni hii, makala ya 1970 ingehesabiwa marejeo ya mwaka 1971 na 1972 basi. Maelfu yaliyofuata kwa zaidi ya nusu karne JIF haiyaoni kabisa.

Kwa sababu hiyo, ukilazimika kutumia namba ya jarida la uchumi, chukua JIF ya miaka mitano, inayotolewa pamoja na ile ya miaka miwili. CiteScore ya Scopus, hifadhidata ya machapisho na marejeo, hutumia miaka minne: marejeo ya 2021 hadi 2024 kwa machapisho ya miaka hiyo hiyo, kugawanya kwa idadi ya machapisho hayo. Usiweke JIF na CiteScore katika safu moja ya jedwali, maana madirisha yao hayalingani na machapisho yanayohesabiwa hayafanani.

Angalia pia aina ya jarida. Journal of Economic Literature huchapisha mapitio marefu ya tafiti, na mapitio hurejelewa sana kwa asili yake. Kulilinganisha na jarida la utafiti wa uchumi wa kilimo ni kulionea hilo la kilimo. Na ukifuatilia American Economic Review kwa miaka mingi, kumbuka kwamba hadi 2017 toleo lake la Mei lilibeba makala fupi za mkutano wa mwaka. Kuanzia 2018 hizo zimehamia jarida lake lenyewe, AEA Papers and Proceedings, kwa hiyo namba za kabla na baada hazipimi kitu kile kile.

Kuhusu Q1 hadi Q4: majarida ya kundi moja hupangwa kwa kipimo na kugawanywa robo nne, Q1 ikiwa ya juu, kwa hiyo robo hizi hutegemea kundi. Jarida moja linaweza kuwa Q1 chini ya "Maendeleo" na Q2 chini ya "Uchumi na Ekonometriki", na robo ya SCImago, wanaotoa SJR, inaweza kutofautiana na ya Clarivate. Taja mwaka, kundi na chanzo, au usiitaje robo kabisa.

Wastani huficha, tafuta mediani

Hili ndilo tungependa kila kamati ilielewe. Marejeo hayagawanyiki sawasawa. Chukua makala kumi za kubuni zenye marejeo 0, 0, 0, 1, 1, 2, 2, 3, 9 na 82. Jumla ni 100, wastani ni 10. Lakini makala tisa kati ya kumi ziko chini ya wastani huo. Mediani, yaani thamani ya katikati namba zikipangwa kwa mfuatano, ni 1.5. Ondoa ile moja ya 82, na wastani wa zilizobaki unaanguka hadi 2. JIF ni wastani wa namna hii hii, na ndiyo maana haiwezi kukuambia makala uliyoishika ni ile ya 82 au ni mojawapo ya zile za sifuri.

Kupata mediani ya jarida hakuhitaji usajili wa fedha. Pakua programu ya bure ya Publish or Perish, au ingia OpenAlex, hifadhidata huria iliyoanza 2022. Tafuta jarida kwa namba yake ya utambulisho, ISSN (ya American Economic Review ni 0002-8282) badala ya jina, kwa sababu majarida yenye majina yanayokaribiana ni mengi. Chagua miaka, pakua faili ya CSV, ifungue kwenye Excel. Kabla ya kukokotoa futa mistari ya tahariri, masahihisho, matangazo na mapitio ya vitabu. Usipofanya hivyo sifuri zitajaa na mediani itashuka kwa uongo. Marejeo yakiwa safu ya B, mstari wa 2 hadi 85, andika =AVERAGE(B2:B85), kisha =MEDIAN(B2:B85), kisha =COUNTIF(B2:B85,0) kupata idadi ya zisizorejelewa kamwe. Ukitumia Publish or Perish kwa data ya Google Scholar, matokeo hukomea 1,000 kwa kila utafutaji, basi jarida kubwa ligawe mwaka mmoja mmoja.

Kuhesabu marejeo ya makala moja

Tumia vyanzo vitatu na uandike namba za vyote. Google Scholar hutoa namba kubwa kuliko vingine kwa sababu inahesabu tasnifu, ripoti, vitabu na rasimu. Harris na Todaro huko wana zaidi ya 10,000. Scopus na Web of Science (hifadhidata ya Clarivate) huhesabu zaidi machapisho yaliyomo kwenye majarida waliyoyachagua, kwa hiyo majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo, na mtafiti anayesomwa Dodoma na Eldoret huonekana kama hasomwi. Chanzo cha tatu ni RePEc, mradi wa wanauchumi wenyewe ulioanza 1997. Ni bure, na tovuti yake ya IDEAS inaonyesha kwa kila makala nani amerejelea.

RePEc ina faida moja kubwa kwa fani hii: inaunganisha rasimu na makala iliyochapishwa. Wanauchumi hutoa rasimu kupitia taasisi za utafiti kama NBER, CEPR au IZA miaka miwili, mitatu kabla ya jarida, mara nyingine kwa kichwa tofauti, na marejeo yanagawanyika pande mbili. Mwandishi anayetaka yaunganishwe ajisajili na kudai kazi zake mwenyewe. Kwenye Google Scholar, bofya orodha ya matoleo yote ya makala na uone kama kuna nakala iliyojitenga na marejeo yake.

Kosa la kuangalia kwa makini ni kuchanganya makala mbili. Todaro alichapisha peke yake makala ya uhamaji katika jarida lile lile mwaka 1969, na waandishi wengi hutaja mwaka wa moja na kichwa cha nyingine. Hakiki kwa juzuu na kurasa.

Sasa linganisha na rika lake

Marejeo 60 ni mengi au machache? Peke yake namba hiyo haijibu. Makala ya 2012 imepata muda ambao ya 2022 haijapata, na ekonometriki hurejelewa tofauti na historia ya uchumi. Chukua makala zote za jarida lile lile za mwaka ule ule, au za msimbo ule ule wa JEL, mfumo wa kuainisha mada za uchumi (O15 kwa uhamaji na rasilimali watu katika maendeleo, J61 kwa uhamaji wa wafanyakazi), kisha hesabu ni asilimia ngapi makala yako imezizidi. Ikiwa makala yako ipo B10, andika =COUNTIF(B2:B85,"<"&B10)/COUNT(B2:B85). Jibu la 0.88 lina maana kwamba imezizidi asilimia 88 ya wenzake. Sentensi hiyo moja ina ukweli mwingi kuliko JIF yoyote. Rika likiwa chini ya makala 30, panua hadi miaka miwili inayofuatana. Makala iliyo chini ya miaka mitatu usiipime kwa marejeo. Isome.

Fungua zinazorejelea

Rejeo la kusifu, la kukosoa na la kupita tu yote huhesabiwa moja. Mfano mzuri unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha katika jarida la Econometrica mwaka 2004 utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75. Mwaka 2015 uchambuzi upya wa data zake ulitolewa na kuzua mabishano makali kati ya wanauchumi na wataalamu wa magonjwa. Kila makala ya mabishano hayo, ya upande wowote, iliongeza hesabu. Namba ilipanda. Kujua kwamba hoja imesimama au imetikiswa kunahitaji macho ya msomaji.

Chukua sampuli ya makala 40 zinazorejelea, kwa kubahatisha na si zile za juu kwenye orodha, kwa kuwa orodha hutanguliza zenye umaarufu. Kwa kila moja tafuta aya inayotaja makala yako na uipe alama: A kama imetumia mbinu, data au modeli yake, B kama imeijaribu au kuikosoa, C kama imeitaja tu katika mlolongo wa majina kwenye utangulizi, D kama mwandishi anajirejelea mwenyewe. Kazi hii huchukua siku moja hadi mbili. Makala yenye marejeo 50 na A 20 imefanya kazi kubwa kuliko yenye 200 ambazo karibu zote ni C.

Athari nyingine huwa haionekani kwenye orodha yoyote. Halbert White alichapisha Econometrica mwaka 1980 njia ya kurekebisha makosa ya kiwango pale mtawanyiko usipokuwa sawa. Makala ile inarejelewa mno, na bado watu wasiohesabika wanaandika neno "robust" kwenye programu ya takwimu ya Stata kuitumia njia hiyo bila kumtaja. Vivyo hivyo sera: ripoti za wizara na benki kuu mara nyingi hazimo kwenye hifadhidata, basi zitafute mwenyewe kwa kichwa cha makala ndani ya alama za nukuu.

Fahirisi h kwa kifupi

Ilipendekezwa na Jorge Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005. Panga makala za mtu kuanzia yenye marejeo mengi: 48, 33, 21, 14, 9, 6, 5, 5, 2, 0. Ya sita ina marejeo 6, ya saba ina 5 tu, kwa hiyo h ni 6, yaani ana makala 6 zenye marejeo 6 au zaidi kila moja. Haishuki kamwe na inampendelea mkongwe, basi usiitumie kumlinganisha mhadhiri msaidizi na profesa.

Kukamata namba za kitapeli

Barua pepe ikikualika kuchapisha ndani ya siku saba katika jarida lenye "Global Impact Factor", hiyo siyo JIF. Tafuta ISSN kwenye orodha kuu ya majarida ya Clarivate na orodha ya vyanzo vya Scopus. Zote mbili zinafunguka bila malipo. Ipo dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: tangu 2023 Clarivate huonyesha JIF kwa desimali moja tu, kwa hiyo jarida linalotangaza JIF ya 2024 kuwa 4.617 linadanganya au limekokotoa lenyewe. Na ISSN ikiwa ya kweli, linganisha anwani ya tovuti na ile iliyo kwenye Scopus, kwani matapeli huiga jina na ISSN ya jarida halali.

Kuandika kwenye faili

Andika chanzo, tarehe na rika. Kwa mfano: "Marejeo 64 Google Scholar, 31 Scopus, 27 RePEc, yote yalisomwa tarehe 3 Machi 2025; imezizidi asilimia 88 ya makala za jarida hilo za mwaka 2017; katika sampuli ya 40 zinazorejelea, 17 zimetumia mbinu yake." Ambatisha faili ya Excel, ukiwa umeipa jina lenye tarehe, kwa sababu mjumbe atakayehakiki miezi minne baadaye atakuta namba zimepanda na atataka kujua zako zilitoka wapi.